Kibarua wa Isihaka

Isihaka ni mtoto wa Nurudini, yule aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni Kasulu. Baba yake alitoka Ujiji. Mama yake ni wa Heru Juu, na huko Heru Juu ndiko Isihaka alikozaliwa na ndiko anakolala mpaka leo. Kila asubuhi anakuja mjini kwa bodaboda, kamera ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa.

Anatengeneza video za harusi. Waliooa kwa shangwe Kasulu na Kibondo miaka hii, wengi wamepita mbele ya kamera yake.

Nitaeleza habari zake kama ninavyozijua. Nimezijua kwa sababu ya mke wangu. Mimi shule sikuingia. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na mke na shamba. Mambo ya kompyuta nayaeleza kama Isihaka alivyonieleza. Nikikosea, kosa ni langu.

Isihaka anafanya kazi kwenye duka la Saady. Mbele wanapiga picha za pasipoti na kutoa fotokopi. Nyuma ya pazia kuna kompyuta, na hapo ndipo Isihaka anakaa. Harusi moja huleta saa sita za mkanda. Wenye harusi wanataka saa moja na nusu. Kupunguza ni kazi, lakini kazi kubwa ni majina. Kila mtu anataka jina lake lipite kwenye kioo. Kamati, wajomba, mashangazi, kwaya, aliyetoa mbuzi. Na jina halikai tu. Linaingia linaruka, linazunguka, linamwaga maua, linang'aa, linaondoka. Jina moja lilimtaka Isihaka abonyeze mara kumi na moja. Alinihesabia kwa vidole. Harusi moja ina majina themanini, tisini. Kutwa nzima anabonyeza kitu kilekile.

Mwaka 2011 kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba. Akishika kikombe, chai inamwagika. Daktari akamwambia aupumzishe mkono.

Saady akasema, "Sawa. Mkono upumzike, wewe uendelee."

Basi akatafuta njia. Ile programu ya kuchezesha maandishi ina mahali ambapo mtu anaweza kuiandikia maagizo, nayo ikayafuata yenyewe. Wanaita skripti. Maagizo yanaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza Isihaka alikiachia kidato cha pili. Alichukua skripti ya mtu mwingine kwenye mtandao, akabadilisha neno moja, akaangalia kimeharibika nini. Akalirudisha, akabadilisha la pili. Miezi saba. Alinionyesha daftari. Kurasa zote zimejaa maneno asiyoyajua maana, na mbele ya kila neno ameandika kinachotokea ukiligusa.

Siku ilipokubali, Saady alikuja akasimama nyuma yake. Majina yalikuwa yanajipanga yenyewe, moja baada ya jingine, maua yanamwagika, na mkono wa Isihaka uko mapajani.

"Nani anabonyeza?" Saady akauliza.

"Kibarua."

"Kibarua gani? Namlipa nani tena mie?"

"Huyu hali, bosi. Wala hachoki."

"Basi nakuonea huruma wewe unayekula."

Jina likabaki hilo. Kwetu kibarua ni mtu wa kukulimia. Unamwonyesha mwanzo wa tuta na mwisho wake, unaondoka. Jioni unakuta amemaliza.

Baadaye akampa kibarua kazi ya pili, kukata. Katika saa sita za mkanda nyingi ni bure. Watu wanakula. Msema chochote, yaani MC, anatafuta karatasi yake. Kamera imesahauliwa inapiga nyasi. Isihaka aliona kwamba mahali pa bure mara nyingi hapana sauti. Akamwandikia kibarua: sauti ikishuka chini ya mstari huu kwa zaidi ya sekunde tatu, kata, tupa, unganisha. Alijaribu kwenye harusi tatu. Watu wakasifu. Video ikawa ya moto mwanzo hadi mwisho, haina pa kupiga miayo. Naye akaacha kuzitazama kabla ya kuzitoa. Hakuwa na haja.

Harusi ya nne ilikuwa ya binti yangu.

Skolastika aliolewa Agosti 2012, hapa kwetu Murungu. Mume wake ni Didas, mwalimu aliyepangiwa huku kutoka Singida. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, tuliifanyia uani kwangu. Tulimleta Isihaka kutoka Kasulu kwa sababu kamati ilisema wa Kibondo anapiga watu vichwa nusu.

Katika ukoo wetu, mama akimtoa binti, watu hunyamaza. Ngoma inakaa. Anayesema pale anaonekana hakufundwa. Esteria, mke wangu, alitoka ndani na kibakuli cha uburo, yaani ulezi. Akamtia Skola punje kiganjani, akamfunga vidole. Akamshika mabega. Hakusema. Kisha akageuka akaniangalia mimi.

Nilijua ameniangalia. Mtu hujua. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima na uwanja mzima unatuona. Nikatazama chini. Niliona viatu vyangu, navyo vya kuazima. Nilipoinua uso, yeye amekwisha geuka anaingia ndani. Ngoma ikaanza.

Esteria hakuwa mtu wa maneno. Mimi pia. Tulikaa miaka thelathini na tisa. Mtu akipita karibu na nyumba yetu jioni alidhani hatupo. Jino lake la mbele la juu lilitoka mwaka 2009, na tangu hapo akicheka alifunika mdomo kwa kanga. Hata tukiwa wawili. Nilimwambia mara moja kwamba mimi pengo halinisumbui. Akafunika vilevile.

Video ililetwa Oktoba. Tuliitazama kwa Didas, maana ndiye mwenye sola na televisheni. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Wengine walikaa juu ya debe, wengine juu ya gunia la maharage. Kila jina lilipopita, mwenye jina alipigiwa makofi.

Nusu saa hivi ndani yake alionekana Leonidasi, jirani yangu, amekaa peke yake anakunywa soda. Juu ya ile soda likaja jina kubwa linazunguka, linamwaga waridi: MAMA MZAZI ESTERIA NTIRAMPEBA.

Watu walianguka kwa kicheko.

"Leonidasi," mmoja akasema, "kumbe huyu binti ni wako wa kuzaa."

"Nimezaa kwa uchungu," Leonidasi akajibu. "Sasa mahari ileteni kwangu."

"Utakula mahari na soda umekunywa?"

Esteria alicheka, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Toka siku hiyo Leonidasi aliitwa Mama Skola kijiji kizima, naye alikuwa anaitika.

Njiani kurudi nyumbani Esteria alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye migomba akasema, "Baba Skola, pale pa uburo mbona hawakuweka?"

Nikamwambia, "Pale palikuwa na nini? Watu wamesimama tu."

Tulifika, akawasha moto, akainjika chungu.

Alikufa Februari 2014, mahindi yametoa mbelewele. Tumbo. Siku tisa. Sitaeleza zaidi.

Tulipoondoa tanga, watu wakaenda kwao. Skola akarudi kwa mume wake. Nikabaki na picha moja, ya kadi ya kupigia kura. Ni ndogo kama ukucha wa gumba, na ndani yake anatazama kama mtu aliyekamatwa. Lakini sikuwa natafuta picha. Sura yake naijua. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, kuona siku ile aliniangalia kwa uso gani. Kama alikuwa ananilaumu. Kama alikuwa ananishukuru. Kama alikuwa ananiuliza kitu, na mimi nikatazama viatu.

Kamera haikutazama chini. Wazo hilo lilinijia shambani. Nikaliacha jembe palepale.

Nilifika Kasulu Aprili. Ilikuwa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Saady alikuwa mbele anampiga askari picha ya pasipoti. Akanielekeza kwa kidole kwenye pazia.

"Shikamoo mzee," Isihaka akasema. Ni kijana mwembamba, mkono wa kulia ameufunga bandeji.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyepiga harusi ya Murungu, Agosti mwaka juzi?"

"Nimepiga nyingi mzee. Bwana harusi nani?"

"Didas. Mwalimu."

Akacheka kidogo, kwa aibu. "Ile ambayo jina la mama lilimwangukia mzee wa soda. Nilisikia habari zake. Umekuja kudai, mzee?"

"Sikuja kudai. Yule mama amekufa."

Alisimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana baba." Akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi la karatasi. Akaagiza chai. Tulikunywa chai bila kusema kitu, nami nikampenda kwa hilo.

Kisha nikamweleza. Uburo, mabega, kugeuka. Nilimweleza kwa ufupi. Hata hivyo sijawahi kumweleza mtu mwingine, hata Skola.

Aliwasha kompyuta. Harusi ya binti yangu ikalala kwenye kioo kama shamba lililopigwa matuta. Kila tuta ni kipande. Akasogeza, akasogeza. Akaonyesha kwa kidole, hapa tuta moja limeisha, hapa jingine limeanza. Kati yao hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha wembe.

"Hapa ndipo alipokata," akasema.

"Nani?"

Ndipo aliponieleza habari za kibarua, zote nilizoandika hapo juu. Alieleza polepole, hakujificha. Watu walikuwa wamenyamaza, sauti ikashuka chini ya mstari, kibarua akakata kama alivyoagizwa. Jina la Esteria lilikuwa limepangwa kukaa pale. Pale palipoondoka, jina likasukumwa likaangukia kilichofuata. Kilichofuata ni Leonidasi na soda.

"Alikata kiasi gani?"

"Huwa anaandika kila alichokata." Akafungua karatasi kwenye kioo, imejaa tarakimu. "Sekunde kumi na tisa."

"Ziko wapi?"

"Alitupa, mzee. Ndivyo nilivyomwagiza. Mashine ilikuwa inajaa."

"Na mkanda wenyewe?"

Kulikuwa na rafu juu ya kichwa chake. Akapandisha mkono wa kushoto, akashusha mkanda mdogo, mdogo kuliko viberiti viwili. Ubavuni pameandikwa majina kwa kalamu, jina juu ya jina, yamekatwa mstari. La kwanza lilikuwa Murungu. La pili Kitanga, Januari 2013. Baada ya hapo mengine mawili.

"Mikanda ilikuwa kumi na miwili tu," akasema. "Inazunguka. Ukipiga juu yake, cha chini kimekwisha."

Nikahesabu. Oktoba Esteria aliuliza. Novemba, Desemba. Mpaka Januari mkanda ulikuwa juu ya rafu ile, mzima, na yeye yumo ndani ananiangalia. Ningepanda basi siku ya pili yake ningemkuta.

Sikumwambia Isihaka hilo. Nilimwambia jingine.

"Kibarua asiyelijua zao humwachi peke yake kwenye maharage."

"Najua mzee."

"Mimi nilimwacha mmoja mwaka themanini na nane. Niliporudi ameng'oa maharage, ameacha magugu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, magugu ndiyo yalikuwa yamestawi."

Alitaka kucheka, akaacha.

"Niachie wiki mbili," akasema. "Na ile kadi ya kura, kama unayo, niachie."

Nilimwachia.

Niliporudi, alikuwa amefunga pazia kwa pini ili wateja wasichungulie. Macho yalikuwa mekundu. Akaniambia amefungua kila kitu, mpaka fleshi za zamani, mpaka kompyuta mbovu iliyokuwa stoo. Zile sekunde kumi na tisa hazipo. Ila kipo kitu kidogo. Kibarua akikata huacha ncha kila upande, ili vipande visigongane. Nusu sekunde. Picha kumi na mbili.

"Niwashe?"

"Washa."

Nikaona kilemba chake cha kitenge, kile cha njano. Bega. Sikio na hereni. Shingo inaanza kugeuka, ukingo wa shavu unatokea. Leonidasi anakunywa soda.

"Rudia," nikasema.

Kilemba, sikio, ukingo wa shavu. Soda.

Alirudia mara nyingi, sikuhesabu. Kila mara nilidhani safari hii shingo itafika.

"Nimejaribu kuivuta," akasema. "Programu inaweza kuongeza picha katikati ya picha. Inakisia." Akawasha nyingine. Esteria akageuka polepole kama mtu aliye ndani ya maji. Sikio likawa mawili, likawa moja. Shavu likatoka, likayeyuka kidogo, likarudi. Na halafu, mahali ambapo zamani ilikuja soda, shingo ikaendelea. Ikamaliza kugeuka. Uso ukanitazama.

Ulikuwa ule wa kadi ya kura. Ameukata, ameukuza, ameupaka rangi ya jua la siku ile, ameupandikiza juu ya bega. Ameutengeneza vizuri. Hata kivuli cha kilemba kilikuwa kwenye paji. Ulinitazama kama mtu aliyekamatwa.

Nilisogea karibu na kioo, nikarudi nyuma.

"Mzee?"

"Huyu si yeye," nikasema. "Huyu ni kibarua wako."

Akazima. Aliweka mkono wa bandeji juu ya meza na ule mzima juu yake. "Nisamehe," akasema. "Nilidhani itasaidia."

"Hukukosea kufanya. Lakini kifute."

Akafuta mbele yangu. Ile nusu sekunde alinitilia kwenye dividii, peke yake. Akanirudishia kadi. Kwenye mlango Saady aliniuliza kama nimeridhika na huduma. Nikamwambia nimeridhika.

Mambo mengine ya Isihaka nimeyapata baadaye, nilipokuwa napita kumsalimia kila nikienda Kasulu. Nilipita mara tatu, nne. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari ile.

Baada yangu alimwomba Saady anunue mikanda mipya, kila harusi ikae na yake mwaka mzima. Saady akamjibu, "Mikanda hainunuliwi kwa huruma, kijana." Yeye si mtu mbaya. Ana watoto sita.

Isihaka akajaribu njia nyingine. Alimfungia kibarua, akakata harusi moja kwa mkono wake mwenyewe, ya watu wa Kitanga, akaitazama yote kwanza, kimya kwa kimya. Palipokuwa na mama amesimama, akamwacha asimame. Palipokuwa na babu anatafuta neno, akamwacha atafute. Siku kumi na moja. Mkono ukavimba mpaka kiwiko. Kamati ikaja na dividii mkononi. Mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye sauti.

"Isihaka, hii ni harusi au ni foleni ya hospitali? Mbona watu wamekaa tu?"

"Walikuwa wamekaa, mama."

"Kukaa tunakujua. Tulikulipa utuonyeshe kukaa?"

Akairudisha ndani. Akamfungulia kibarua. Dakika arobaini kila kitu kikawa kimekwisha. Kamati ilishangilia.

"Nimwambieje, mzee?" aliniuliza siku aliponisimulia hayo. "Kila agizo ninaloweza kuliandika, nimeandika. Kimya ni kimya. Kwenye kompyuta ni mstari umelala chini, basi. Nimwambieje kipi akate na kipi aache?"

Mimi nilikuwapo siku ile, nina macho, nina miaka sabini, na ni mke wangu. Na nilisema pale hapana kitu.

Amebaki hivyo. Anapiga, anamimina kwenye mashine, kibarua anakata. Daktari amemwambia mkono hautarudi kama zamani. Anasema sasa kwenye harusi akisikia watu wamenyamaza, anakohoa makusudi karibu na kamera ili mstari upande na kibarua asikate. Kwa hiyo ukisikia mtu anakohoa kwenye video za Kasulu, ni yeye. Mara nyingine amechelewa kukohoa. Mara nyingine kamera iko mbali naye, kwa msaidizi. Na wenye harusi wengine wamelalamika juu ya kikohozi.

Mara ya mwisho nimemwona Juni mwaka huu wa 2015. Mji ulikuwa umejaa magari yanayopeleka kambini watu waliokimbia kutoka Burundi. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba zamu ya kupasuliwa ni ndefu. Ile nusu sekunde siioni tena vizuri. Naona njano, kisha naona kahawia ya soda.

Isihaka alinisindikiza stendi, amenishika kiwiko kwa sababu ya mashimo ya barabara. Hatukuwa na la kusema. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri basi la Kibondo. Alichezesha miguu. Akasonya. Akaangalia simu, akairudisha mfukoni.

"Mzee," akasema, "kuna kitu nimekumbuka."

"Sema."

"Siku ile ya Murungu. Mimi ndiye niliyeshika kamera pale. Nimekaa nikafikiri, nikakumbuka. Mama alipogeuka."

Nilingoja.

"Alitabasamu, mzee. Alikuangalia akatabasamu. Vizuri kabisa, meno yote nje. Ninamwona kama sasa."

Basi la mtu mwingine lilipita, likatujaza vumbi. Isihaka alikuwa amenigeukia. Uso wake siuoni vizuri, lakini nilijua ananiangalia. Ameangalia harusi mia tatu kupitia kile kitundu cha kamera, na kwenye kila moja anatazama mwanga, hatazami mtu. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Ila kimya changu kilimshinda kukaa nacho, akatafuta cha kukijaza.

"Ahsante mwanangu," nikamwambia.

"Nilisema nikwambie."

"Umefanya vema."

Alinipandisha basi, akamwambia kondakta anishushe Murungu, si zaidi. Akabaki amesimama chini ya dirisha mpaka tukaondoka, mkono wa bandeji juu.

Nilifika jioni. Leonidasi alikuwa uani kwangu, ameniletea muhogo. Sasa hakuna anayemwita Mama Skola. Akauliza daktari amesema nini. Nikamwambia. Akauliza kama nilipita kwa yule kijana wa video; anajua tu kwamba kuna kipande cha harusi nilichokuwa nakitafuta. Nikamwambia nilipita, hajambo, mkono tu.

"Alipata chochote?"

"Hapana."

Akamenya muhogo, mimi nikawasha moto. Kadi ya kura iko juu ya boriti, ndani ya mfuko wa nailoni. Siishushi.